Alamu ya kaboni monoksaidi ya dola 34, nimekaa nayo majira mawili ya baridi

Nyota 4 kati ya 5, na ile moja niliyoikata ntaeleza mbele huko.

Naandika kwa ajili ya watu wetu mlioko huku kwenye baridi karibu na bahari, hasa mliofika juzijuzi na nyie wenye wazazi wanaokuja kutembea. Mi niko Marekani, jimbo la Maine, upande wa Portland, kazi yangu ni kuhudumia wazee, kwetu Tanga. Hiki kidude, kazi yake ni kulia ile hewa ya sumu ya moto na mkaa ikijaa ndani ya nyumba, nilikinunua Januari 2024 kwenye duka la hadwea la mtaani kwetu, kwa hiyo haya sio maoni ya mtu aliyefungua boksi jana, kimeshapita dhoruba kadhaa na kimeshalia kweli mara moja, na hiyo mara moja ndo imenifanya nikae chini niandike.

Nianze na kwanini nilinunua maana sikuwa na mpango nacho kabisa. Januari ile zilipiga dhoruba mbili ndani ya siku nne, tarehe 10 na tarehe 13. Mi mtu wa pwani, bamvua, yani yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, nalijua tangu mtoto, tulikuwa tunajua siku ya kwenda kuokota chaza na siku ya kutosogea mawimbini kwa kuangalia mwezi tu. Sasa mwezi mpya ulikuwa tarehe 11, kwa hiyo ile dhoruba ya tarehe 13 ikaikuta bahari iko kwenye bamvua tayari, upepo nao ukasukumia maji juu yake, kipimo cha bandarini Portland kikasoma futi 14.57, hiyo ni karibu mita 4 na nusu, haijawahi kufika hapo tangu waanze kupima, rekodi ya zamani ilikuwa futi 14.17 ya mwaka 1978. Kule Willard Beach, South Portland, vile vibanda vya zamani vya wavuvi vilivyokuwa vimekaa pale miaka na miaka maji yakavibeba. Nilikuwa kazini naangalia video yake kwenye simu moyo unanienda mbio, nawaza nyumba yetu, nawaza mama maana alikuwa amekuja toka Oktoba na ile ndo baridi yake ya kwanza.

Pale kazini kuna mzee mmoja alikuwa mvuvi wa kamba koche enzi zake, akaniona nilivyo akaniuliza, nyumbani una alamu ya kaboni monoksaidi? Mi nawaza maji, yeye ananiuliza hewa. Akanieleza kwamba dhoruba yenyewe watu wanaiogopa na wanakaa ndani, wanaopotea wengi wanapotea siku zile za giza baadaye, umeme umekatika, nyumba imepoa, mtu anatafuta moto. Akanihadithia Januari 1998 huku Maine, barafu iliganda kwenye nyaya na miti mpaka nguzo zikakatika, kuna watu walikaa gizani wiki mbili, na wengi walilazwa kwa hii hewa. Nikatoka shifti nikapitia dukani moja kwa moja.

Sasa tuongee bidhaa yenyewe. Kinafanana na chaja kubwa, unachomeka ukutani, kina kioo kidogo kinachoonyesha namba, na nyuma kina sehemu ya betri mbili za kawaida zile za AA. HII YA BETRI NDO MUHIMU KULIKO VYOTE. Pale dukani kulikuwa na kingine cha dola 22 cha kuchomeka tu bila betri, yani umeme ukikatika na chenyewe kinakufa, na umeme ukikatika ndo wakati wenyewe unaokihitaji. Ongeza hizo dola 12. Kijana wa dukani alinifungulia boksi akanionyesha jinsi ya kukibonyeza kukijaribu, akanionyesha na tarehe ya kutengenezwa kwa nyuma, maana hivi vidude vina umri, kihisio chake kinachoka, vingine miaka 5, vingine 7, vingine 10, hata kama taa yake ya kijani inawaka vizuri. Niliporudi nyumbani nikapanda kiti kuangalia kile alichokiacha mwenye nyumba pale koridoni, umri wake ulikuwa umepita miaka mitatu. Na huku Maine kwenye nyumba za kupanga sheria inataka mwenye nyumba aweke alamu hizi karibu na vyumba vya kulala, kwa hiyo ukikuta hakipo au kimepitwa na muda mdai, ni haki yako, ila wakati unamsubiri nunua chako.

Jinsi kinavyolia msishtuke, hakilii papo hapo hewa ikiingia. Kimetengenezwa kiangalie kiasi na muda. Hewa ikiwa ppm 70, yani sehemu 70 katika kila sehemu milioni za hewa, kinaweza kukaa lisaa limoja mpaka masaa manne ndo kilie, ikifika 150 ni kati ya dakika 10 na 50, ikifika 400 ni dakika 4 mpaka 15. Ndo maana nawaambia chukueni chenye kioo cha namba, kwa sababu namba utaiona inapanda kabla ya kelele. Siku ya Ijumaa tukiwasha chetezo kufukiza ubani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, kioo kilishawahi kuandika 38 bila mlio wowote, nikafungua dirisha ikashuka. Ka-kaa kamoja tu ka chetezo.

Hapo kwenye kaa ndo nataka nikae kidogo.

Sisi tumelelewa na mkaa. Na wote tumefundishwa hivi: jiko liwashe nje, lipepee, likishika vizuri, moshi ukaisha, makaa yakawa mekundu, ndo uingize ndani. Moshi ndo tunauona adui. Kumbe hii hewa haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, na yale makaa mekundu mazuri yasiyotoa moshi ndo yanaitoa kwa wingi. Kule nyumbani nyumba nyingi zinapitisha hewa, juu kuna matundu, mlango unakaa wazi mpaka usiku, na bado kila msimu wa baridi tunasikia familia imelala na jiko chumbani kule Njombe, Makete, au Kenya kule Limuru, asubuhi hawakuamka. Sasa chukua mazoea yaleyale ulete huku kwenye nyumba iliyozibwa kila upenyo ili joto lisitoke.

Halafu ndo ikaja Aprili. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Aprili 2024, tuko kwenye kumi la mwisho la Ramadhani, ilipiga ile dhoruba wanayoiita nor'easter, kwa sababu upepo unatoka kaskazini mashariki. Ni upande uleule wa kaskazi yetu, ila kaskazi ya kwetu inakuja na joto na madau ya zamani kutoka Arabuni, hii ya huku inakuja na theluji. Theluji yenyewe siku hiyo ilikuwa ya maji, nzito kama udongo, inang'ang'ania kwenye matawi mpaka yanakatika na yakikatika yanaanguka na nyaya. Maine nzima zaidi ya wateja 300,000 wakakosa umeme. Kwetu ulikatika kabla ya alfajiri, mama alikula daku kwa tochi ya simu.

Mi nilikuwa shifti ya usiku, asubuhi waliotakiwa kutupokea hawakuweza kufika kwa barabara zilivyokuwa, tukabakizwa. Nyumbani yuko mama na binti yangu wa miaka 11. Boila letu, yani mtambo wa kupasha nyumba joto, ni la mafuta, kama nyumba nyingi sana za Maine, hili jimbo ndo linaongoza Marekani kwa kupasha nyumba joto kwa mafuta, na watu wengi hawajui mpaka iwakute kwamba tangi linaweza kuwa limejaa lakini umeme usipokuwepo boila haliwaki. Jiko nalo la umeme. Kufika saa kumi jioni nyumba imepoa kweli, na mama amefunga, na anawaza futari ya mjukuu, na ye mwenyewe hawezi kufuturu kwa biskuti wakati uji wa pilipili manga unapikika.

Chini yetu kuna garaji, na kwenye garaji kuna lile jiko la kuchomea nyama la msimu wa joto, na mfuko wa mkaa nusu. Mama akafanya kila kitu sawasawa na alivyofundishwa na bibi yake. Akawashia mlangoni, akapepea mpaka moshi ukaisha, makaa yakawa mekundu, ndo akalisogeza ndani ya garaji na kushusha mlango ukabaki upenyo wa kama futi moja kwa sababu theluji ilikuwa inaingia na upepo unazima moto. Akabandika uji, akabandika na viazi vitamu. Alipomaliza akaacha makaa palepale chini yapashe joto, akapanda juu kukaa na mtoto kusubiri magharibi, ambayo tarehe zile huku ni kama saa moja na dakika kumi.

Garaji liko chini ya vyumba vyetu vya kulala. Ile hewa inapanda.

Binti yangu anasema bibi alilalamika kichwa, akasema ni saumu, akajilaza kwenye kochi na blanketi. Sikilizeni hapo jamani. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuchoka, usingizi, hizo ndo dalili za hii hewa, na hizohizo ndo dalili za saumu ya saa kumi na mbili jioni, na ndo dalili za mafua, na ndo dalili za mtu ambaye hajalala usiku kwa ajili ya dhoruba. Mtu hawezi kujitambua. Mama ni mtu makini kuliko mimi, amelea watoto sita, na hakujua, na hakuna ambavyo angejua.

Alamu ikalia. Milio minne mikali, inanyamaza kidogo, minne tena. Binti akaenda kuangalia kioo, 168. Nilikuwa nimemfundisha Januari ile siku nilipokichomeka, nikamwambia hiki kikilia mara nne mnatoka nje wote, hamtafuti viatu, hamzimi kitu, mnatoka halafu mnapiga 911, namba ya dharura ya huku. Akamuinua bibi yake, mama akawa hataki, anasema ni saumu tu mwanangu niache nijinyooshe, mtoto akalia ndo akainuka. Wakatoka na blanketi wakaenda baraza la jirani, binti akapiga simu, akanipigia na mimi.

Zimamoto walifika haraka kuliko nilivyotegemea kwa hali ya barabara. Walilitoa jiko nje, wakafungua kila mlango, wakapita na mashine yao kila chumba. Mama wakamuwekea oksijeni na wakampima na kile kipimo cha kidoleni, na hapa niseme kitu cha kikazi: kile cha kawaida tunachotumia mahospitalini na watu wanachonunua dukani kinadanganyika, maana hii hewa inaishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200, na kipimo kikiona damu imeshika kitu kinadhani ni oksijeni, kinakuandikia 98 wakati mtu anakufa. Wao wana cha kwao maalumu. Kwa hiyo usimpime mtu kwa kile cha nyumbani ukaridhika. Walimpeleka akakaa hospitali mpaka usiku wa manane, mtoto alikuwa mzima. Nilimkuta mama amekaa kitandani, nikamwamkia shikamoo nikashindwa kuendelea, yeye akaniuliza kama mtoto amekula.

Baada ya hapo nilisoma sana. Nikakuta Seattle, Desemba 2006, nao wako pwani, upepo mkali ulikata umeme kwa zaidi ya watu milioni moja, na waliougua na kufa kwa hewa hii baadaye wengi walikuwa wahamiaji walioingiza majiko ya mkaa na jenereta ndani. Gazeti la The Seattle Times likaweka onyo ukurasa wa mbele kwa lugha sita, Kisomali kikiwemo. Kwa hiyo hili jambo linajulikana miaka yote hiyo, ila onyo la Kiswahili sijawahi kuliona kwenye boksi la mkaa wala la jenereta.

Na hiyo ndo nyota niliyoikata. Hiki kidude maelezo yake ni Kiingereza, Kihispania na Kifaransa, na kikilia kinasema na maneno ya Kiingereza. Mama aliisikia ile sauti na haikumwambia kitu, kama mtoto asingekuwepo sijui. Nilichofanya nimeandika karatasi kubwa kwa kalamu nene nikaibandika juu yake: IKILIA MARA NNE TOKA NJE. Mlio mmojammoja kila baada ya muda ni betri imeisha, badilisha, usiitoe ukaiacha wazi. Lile la moshi wa moto linalia mara tatu, na hilo ni kidude kingine, usidhani kimoja kinafanya kazi ya vyote viwili labda kiwe kimeandikwa hivyo. Malalamiko mengine madogo, tundu la ukutani nililokuwa nalo liko nyuma ya kabati, ikabidi nisogeze kabati maana hutakiwi kukiziba. Na betri zilizokuja nazo zilikufa ndani ya miezi minne, weka zako nzuri.

Kwa kuwa najua mtauliza vitu vingine. Redio ya kuzungusha kwa mkono nilinunua pia, dola 29, naipenda, lakini hakikisheni inashika zile chaneli saba za hali ya hewa kwenye 162 megahezi, FM ya kawaida haizifiki, na ile ya kuzungusha inachaji simu kidogo sana, dakika kumi za mkono upate maongezi mafupi. Jenereta sina, nyumba ya kupanga, ila mwenye nalo likae nje futi 20 toka kwenye nyumba, kama mita 6, mbali na dirisha na mlango, baraza lililozungushiwa ukuta si nje. Gari, kabla hujaliwasha upate joto, toa theluji kwenye bomba la moshi kwanza. Na ukutani kwa nje kuna bomba la boila linatoa moshi, theluji ikilifunika hewa inarudi ndani hata kama umeme upo, siku ya theluji nyingi natoka na koleo nalifukua hilo kabla hata ya ngazi. Nyumba ikipoa sana na huna pa kwenda huku Maine piga 211 wakuelekeze vituo vya kupata joto, ni bure, mi ningejua siku ile mama na mtoto wangeshafuturu huko.

Sasa hivi nina vitatu, koridoni, chumba cha mama na ngazi ya kutoka garaji, na jiko la nyama limehamia kibandani nyuma ya uani kabisa.

Mama alirudi Tanga mwezi wa sita. Kwenye begi akaomba achukue kimoja cha mjomba Lushoto, kule Usambara baridi ya Juni na Julai wanalala na jiko. Nikamtafutia kinachotumia betri peke yake, msijisumbue kupeleka cha kuchomeka, umeme wa huku ni volti 120 na wa kwetu 230 kitaungua. Kilikuwa dola 27. Mama amekipigilia mwenyewe ukutani na karatasi yangu ameibandika chini yake. Kinavyofanya kazi kwenye nyumba ya matofali yenye matundu juu bado sijapata habari, nikipata ntaongeza hapa.